Ng'ombe wa Bhoke Hawalali Zizi Moja

Bhoke hata chumvi haweki mahali pamoja. Ukiingia jikoni kwake pale Iringo utakuta nyingine kwenye kopo la maziwa ya unga, nyingine kwenye mfuko unaoning'inia darini, na ukiuliza kwa nini, atakutazama kana kwamba wewe ndiye mwenye matatizo. Nilimcheka kwa hilo miaka mingi. Leo nasimulia habari zake kwa sababu nimechoka kusikia watu wa ukoo wa marehemu mumewe wakimwita mchoyo, mficha mali, mwanamke asiyetulia. Ametulia sana. Ila ametulia mahali pengi.

Alizaliwa upande wa Butiama, kwenye boma lililosifika kwa ng'ombe. Baba yake alipenda zizi lake kuliko alivyompenda mtu yeyote. Watu wa rika lake walikuwa bado na desturi ya zamani ya kuwaweka baadhi ya ng'ombe kwa ndugu na marafiki wa vijiji vya mbali. Yeye hakutaka. Alisema ng'ombe aliye kwa mtu mwingine hakuna anayemwona, sasa faida yake nini? Asubuhi moja wakaamka, zizi liko wazi, kinyesi bado kibichi, na hakuna hata ndama. Wezi wa mifugo walikuwa wamepita. Nyayo zilifuatwa mpaka zikapotelea kwenye mawe, na habari ikaishia hapo. Baba yake hakuugua wala hakulia. Alikaa tu, na hakuwahi tena kufuga kitu mpaka alipokufa.

Kilichomlea Bhoke na wadogo zake ni ng'ombe mmoja mzee ambaye mama yao alikuwa amemweka kwa shangazi yake bila kumwambia mume. Mama yule alisemwa sana kwa hilo, na waliomsema ni wale wale waliokuja na vikombe kuomba maziwa.

Sasa mtoto aliyeyaona hayo, ukimwambia aweke kila kitu kapu moja, utakesha.

Aliolewa na Mseti Werema, fundi wa injini za mitumbwi hapa Musoma, mwanamume mpole aliyenuka petroli hata siku ya ndoa yao kanisani. Walipanga chumba Iringo, baadaye wakajenga. Kila Januari, shule zikifunguliwa, Bhoke anashona sare za shule mpaka vidole vinavimba. Giza la mwezi likiingia na dagaa zikianza kupatikana, cherehani inafunikwa kanga na yeye yuko mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, ananunua dagaa za kuanika. Dagaa zikiadimika, anauza udaga, ule muhogo uliovundikwa ambao huku hatuwezi kula ugali bila kuuchanganya. Chumba cha uani amempangisha mwalimu. Siku hizi wanakuja watu na vipaza sauti kutufundisha wanawake kwamba tutawanye vyanzo vya mapato. Bhoke alikwenda semina hiyo mara moja, akasinzia, akaamka wakati wa chakula. Nilipomuuliza wamesema nini, alinijibu, "Wameniambia niwe mimi."

Lakini hayo yote ni ya mkononi. Moyo wake ulikuwa kwenye ng'ombe, maana damu ni damu. Kila yeye na Mseti walipopata cha kupata, walinunua mtamba. Na kila mtamba alikwenda kwa mtu tofauti: mmoja Bukima, mwingine Bunda, wengine vijiji vya Butiama, na mmoja kwangu mimi, Dorkas, hapa Bweri, nyuma ya nyumba ambayo mume wangu Kulwa hajaimaliza mpaka leo.

Masharti ni yale ya zamani. Maziwa yangu, samadi yangu, ndama wake. Ukimtunza vizuri, baada ya uzao kadhaa anakuachia ndama awe wako. Lakini kupewa si rahisi. Kabla hajaniletea, alinitembelea mara kadhaa akijifanya anapita tu. Kumbe alikuwa anaangalia ninavyowafokea kuku na ninavyomjibu Kulwa. Tulipozoeana nikamuuliza kwa nini asiwaweke wote kwa mtu mmoja mwaminifu, apumzike na nauli. Akasema ugonjwa ukija Bunda, Bukima watapona. Jua likichoma Butiama, Bweri kuna majani. "Na ng'ombe kumi kwa mtu mmoja," akasema, "zinanipa rafiki mmoja. Kumi kwa watu kumi, hesabu mwenyewe."

Mseti alifariki mwaka juzi, ghafla, akiwa ameinama kwenye injini ya mtu. Walizaa mabinti watupu. Hapo ndipo kaka yake, Emanuel, alipopata sauti.

Emanuel anaishi kwenye boma la baba yao, Butiama. Si mtu mbaya wa kuua, ni mbaya wa kujisifu. Siku ya kumaliza msiba, watu bado wanakula, akasimama akasafisha koo. Akasema ng'ombe wa marehemu mdogo wake warudi zizi la nyumbani, wakae pamoja, waonekane, ukoo uwatunze. Mabinti wataolewa, akasema, na ng'ombe hawawezi kufuata mabinti kwenye koo za watu. Wazee wakaitikia. Kuna mama mmoja akapiga kigelegele, sijui cha nini, msibani.

Bhoke alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunga kitenge cheusi. Hakuinuka.

"Kila ng'ombe yuko mahali pake," alisema. "Niliwatafuta na mume wangu, tukawaweka na mume wangu. Aliyekufa ni mmoja."

"Ziko wapi?" Emanuel akauliza.

"Zinapolala."

"Shemeji, nakuuliza mbele ya wazee. Ziko kwa nani?"

"Na mimi nakujibu mbele ya wazee. Sisemi."

Nilikuwepo, na nakwambia nilitaka kupiga makofi. Wengine walinong'ona kwamba mjane mwenye kiburi hivyo ana lake jambo. Hata mchungaji alimvuta pembeni akamsihi awe na roho ya amani. Bhoke akamwambia amani anayo, ng'ombe pia anao, na havigombani.

Tangu siku ile jambo likawa moja tu: hao ng'ombe ni wa nani. Wangeingia zizi la Emanuel, wasingetoka tena, kila mtu alijua. Kwa mjane asiye na mtoto wa kiume, kinachoingia kwenye zizi la ukoo huwa kimeliwa.

Emanuel akaanza kuwasaka. Alizunguka na bodaboda Mara nzima kama mtu anayeuza dawa za panya. Bukima alimkuta Bernado, mvuvi na mkulima, mtu wa hasira, aliyemwelekeza njia ya kurudi akiwa na kasia mkononi. Halafu siku moja akasimama uani kwangu.

"Hodi hapa. Mimi ni Emanuel, kaka yake marehemu Mseti."

"Nakujua. Nilikuonaga msibani ukigawa soda."

Akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye mti, mweusi, tumbo lina baka jeupe, anacheua taratibu.

"Hii ng'ombe ni ya mdogo wangu," akasema.

"Imekwambia?"

"Mama, mimi siyo mtu wa kutaniwa."

"Na mimi siyo mtu wa kuibiwa. Hii aliileta Bhoke kwa mkono wake. Nikikamua, nasemaga asante Bhoke. Mumewe alikujaga hapa kutengeneza pampu tu, Mungu amrehemu."

Alitoka akitukana kwa lugha ya kwao akidhani sielewi. Ninaelewa, ila sikumpa faida ya kunijua.

Haikupita muda mrefu, ujumbe ukatufikia sote tunaotunza ng'ombe wa Bhoke, kwa jina la ukoo. Nicolaus, mtoto wa Emanuel, alikuwa amepata mchumba Bunda, binti anaitwa Hilda. Upande wa binti wangekuja Jumamosi kuangalia zizi na kuchagua ng'ombe wa mahari. Siku hiyo hiyo, ng'ombe wote wa marehemu wawe wamefika Butiama. Atakayebaki nao atapelekwa polisi kama mwizi wa mifugo. Nikaelewa haraka yake. Zizi lake mwenyewe lilikuwa na ng'ombe wachache, wengine wamekonda, na alikuwa ameshajitapa Bunda kwamba zizi la Werema halijawahi kuwa na nafasi ya kupita mbuzi.

Nilipanda bodaboda mpaka Iringo nikiwa na moto kichwani. Nikamkuta Bernado ameshatangulia kutoka Bukima, anazungukazunguka mlangoni kama ng'ombe aliyekosa maji. Bhoke yuko kwenye cherehani, anashona mifuko ya kaptula za shule.

"Pelekeni," alisema bila kuinua macho.

Sikuamini. "Dada, umechoka?"

"Sijachoka. Peleka ng'ombe, Dorkas. Kwanza umwogeshe."

"Zikiingia pale hazitoki," Bernado akasema. "Mimi siendi. Waje polisi, waje na nani, siendi."

"Utakwenda. Na kamba usiiachie. Kila mtu abaki ameshika kamba ya ng'ombe aliyemleta."

"Mahakama ipo," nikasema. "Twende mahakamani, wewe ndiye uliyenunua, mashahidi tupo."

Hapo akasimamisha cherehani. "Mahakama itasema ni zangu. Emanuel atarudi nyumbani aseme mahakama imenunuliwa, na kila msiba, kila harusi, mimi nitakuwa yule mwanamke aliyeukimbiza ukoo kwa karatasi. Sitaki karatasi. Nataka mdomo wake ndiyo useme."

"Utamlazimishaje?"

"Wewe mwogeshe tu huyo ng'ombe."

Nilikwenda nikiwa nimemkasirikia kweli kweli. Nilifikiri amesalimu amri na anaona aibu kusema. Kulwa alitafuta kirikuu, kigari cha mizigo, tukampakia yule mweusi, na njia nzima nilikuwa nimeshika shingo yake, nikiwaza watoto wangu watakunywa chai ya rangi mpaka lini.

Butiama tulikuta zizi limefurika. Walikuwa wametoka kila upande, wekundu, weusi, wa madoadoa, ndama wanalia, na kila mmoja ana mtu wake pembeni ameshika kamba. Wengine tulikuwa hatujuani kabisa. Emanuel alivaa koti, akawa anatembea huku na huku akiwapiga ng'ombe makofi ya mgongoni kama aliyewazaa. Alipomwona Bhoke akasema kwa sauti, "Shemeji, umeona zinavyopendeza zikiwa pamoja?" Bhoke akamjibu, "Nimeona," akaenda kukaa na wanawake.

Wageni wa Bunda wakafika. Aliyewaongoza ni mzee Masatu, baba mkubwa wa Hilda, mfupi, ana fimbo ndefu na macho ya mnunuzi. Alisimama mlangoni mwa zizi, akatazama muda mrefu.

"Emanuel," alisema, "mshenga alituambia wewe ni mtu wa hali ya kawaida. Tukakubaliana mahari ya hali ya kawaida."

Emanuel akacheka. "Ndiyo unyenyekevu, mzee."

"Basi unyenyekevu tuuache nje."

Akaingia. Kwetu huku upande wa binti ndio huchagua, na anayechaguliwa huguswa na fimbo. Mzee Masatu alimgusa mwekundu wa Bernado, akamgusa wangu, akamgusa mwingine na mwingine, fimbo haipumziki. Wanawake wa Bunda wakaanza kuimba. Kicheko cha Emanuel kilianza kupungua upande mmoja wa mdomo, kisha upande wa pili. Nicolaus, kijana wa watu, alikuwa anamwangalia baba yake na kumwangalia mzee, jasho linamtoka. Mimi nilikuwa namwangalia Bhoke. Nilikuwa nimeogopa sasa, kwa maana niliona kitu ambacho sikuwa nimekiwaza: Emanuel angeweza kusema ndiyo. Angewatoa ng'ombe wa watu, akamwoza mwanaye, na sisi tukabaki na kamba.

Mzee Masatu alipomaliza, akageuka kwa watu wote akapandisha sauti.

"Kabla hatujanywa hata maji, nauliza kama inavyoulizwa. Kuna mtu ana neno juu ya ng'ombe hawa?"

Nilikuwa nimelisahau swali hilo. Huulizwa kila mara, na kila mara watu hukaa kimya, mpaka umezoea kulisikia kama amina. Lakini lina maana yake. Ng'ombe mwenye mgogoro akiingia kwenye mahari, ndoa ile haina miguu. Mwenye mali anaweza kuja kumdai hata mke akiwa na watoto. Hakuna mzee atakayempokea.

Bhoke akasimama. Akakung'uta kitenge chake.

"Nina neno," alisema. "Fupi tu. Shemeji awaambie ng'ombe hawa ni wa nani."

Emanuel akasema ni wa boma. Mzee Masatu akasema boma halina jina la ubatizo. Emanuel akasema ni wa ukoo. Mzee akasema ukoo siyo mtu, apewe jina la mtu. Emanuel akasema ni wa marehemu mdogo wake.

"Pole kwa msiba," mzee Masatu akasema. "Sasa aliye hai?"

Akatuangalia sisi tulioshika kamba. Akamwendea Bernado. "Wewe umeshika ng'ombe ya nani?"

"Ya Bhoke," Bernado akasema, na alivyosema ungedhani anagombana.

"Na wewe?"

"Ya Bhoke," nikasema.

Akapita kwa kila mtu. Ya Bhoke. Ya Bhoke. Walioleta kutoka Bunda, walioleta kutoka vijiji vya Butiama, mzee mmoja kiziwi ambaye ilibidi aulizwe mara mbili. Jina lile lilizunguka zizi zima. Kisha mzee akarudi kwa Emanuel na kusimama mbele yake, fimbo chini, akangoja.

"Ni za Bhoke," Emanuel akasema.

"Wenzangu kule nyuma hawajasikia."

"Ni za shemeji yangu Bhoke. Zote. Zangu ni zile za kule kwenye ukuta."

Watu wote wakageuka kutazama kule kwenye ukuta. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilifurahi kwa roho mbaya kabisa na sijatubu.

Mzee Masatu alipiga hesabu ya kichwa, akawaita wenzake pembeni. Ilionekana wazi wanataka kuondoka. Zile za ukutani hazikutosha hata kwa mahari ya hali ya kawaida, ilipungua moja. Nicolaus alikuwa amekaa chini kwenye mavi, na suruali yake ya sherehe, haoni. Ndipo Bhoke akatembea mpaka kwangu. Akaiondoa kamba mkononi mwangu, taratibu, kidole baada ya kidole, kwa maana nilikuwa nimeishika kweli.

"Nicolaus ni mtoto wangu pia," alisema. "Namwongezea huyu."

Nikataka kupiga kelele. Katika ng'ombe wote wale, wangu!

Mzee Masatu akamtazama yule mweusi, akaridhika. "Tunashukuru. Tutamtaja kwa nyumba ya marehemu Mseti."

"Hapana," Bhoke akasema. "Mseti nimemzika mimi, na jina lake nalitunza mimi. Huyu ametoka kwa Bhoke. Mseme hivyo hivyo hapa, na mkifika Bunda mseme hivyo hivyo."

Wazee wa Butiama wakanung'unika kwamba mwanamke hatajwi kwenye mahari. Hata mimi sikuwahi kusikia akitajwa. Mzee Masatu akakuna kidevu, akamwangalia Emanuel kama anaomba msaada, na Emanuel alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwishowe mzee akainua fimbo, akamgusa yule mweusi mgongoni na kusema mbele ya pande zote mbili, "Huyu ametoka kwa Bhoke." Nicolaus akainuka na kuja kumshika Bhoke mikono yote miwili.

Hatukungoja pilau. Bhoke alitutazama tu, tukafungua mlango wa zizi, na ng'ombe wake wakatoka mmoja mmoja mbele ya macho ya ukoo mzima. Hakuna aliyenyoosha mkono. Barabarani wakagawanyika, wengine njia ya Bunda, wengine ya Musoma, Bernado anamfokea wake aliyemkanyaga mguu.

Bhoke akanikuta nimekaa kwenye kirikuu kitupu.

"Umekasirika?"

"Sana."

"Najua. Nitakuletea mwingine."

"Lini?"

"Siyo kesho." Akapanda, akakaa kando yangu. "Wewe ndiye ungenisamehe haraka, ndiyo maana nikachukua wako. Na Bunda, kwa kina Hilda, sasa nina nyumba ambayo Emanuel hawezi kunifungia mlango."

Tukafika Bweri. Kulwa alikuwa amesimama uani na ndoo ya kukamulia, akachungulia ndani ya gari, akachungulia tena.

"Ng'ombe yuko wapi? Wamemchukua?"

"Hakuchukuliwa," nikamwambia. "Ametolewa. Na aliyemtoa ametajwa kwa jina lake, na ni mwanamke. Weka ndoo chini, utakunywa chai ya rangi."